Mkanda Mweupe Chini ya Bawa

Hapo zamani, na wala simaanishi zamani ile ya wanyama kusema, namaanisha zamani hii ya juzijuzi ambayo wengine wetu tuliiona kwa macho na tunajifanya tumeisahau, palikuwa na mwanamke mwenye mume na asiye na mume. Jina lake Kemilembe. Mumewe, Kyaruzi, alikuwa rubani wa ndege ya kivita. Vita vya mpakani vilipopamba moto, Kyaruzi aliruka asubuhi moja kuelekea ziwani, asirudi. Ndege ilizama na yeye ndani yake. Hakuna aliyeokota hata kofia.

Sasa shikeni desturi ya kwao, maana usipoishika hutaelewa kwa nini watu wazima na mvi zao walilia mbele ya kidude cha plastiki. Kwao, mtu akipotelea majini au vitani na mwili usipatikane, badala yake huzikwa kitu. Mara nyingi ni kigogo cha mgomba. Hukatwa urefu wa mtu, huvishwa sanda, hulazwa kaburini ndani ya shamba la migomba la nyumba yake. Bila hivyo msiba hauishi. Mke hanyoi nywele wala haitwi mjane. Na akifa kabla kaburi la mumewe halijafungwa, hazikwi shambani. Hupelekwa nje, kando ya barabara, akalala huko peke yake kama mpita njia.

Mwaka uleule wa vita ndugu walimjia Kemilembe na panga la kukatia mgomba. Aliwafukuza.

"Mkizika mgomba mtakuwa mmemuua nyie," aliwaambia. "Mume wangu atarudi."

Alikuwa na miaka ishirini na minne, na tumbo la miezi saba. Akangoja mwaka. Akangoja miaka kumi. Akangoja miaka arobaini. Mtoto alizaliwa, wa kike, akaitwa Asimwe, akakua, akasoma, akaenda ng'ambo kufanya kazi. Kemilembe alibaki kwenye nyumba ileile aliyojengewa na Kyaruzi, nyumba ya madirisha meupe. Hayo madirisha ndiyo yalikuwa fahari yake. Kila Jumamosi aliyafuta kwa kitambaa na sabuni, na hakuna mgeni aliyepita bila kuambiwa: "Rangi hii mume wangu aliipaka kwa mkono wake. Hebu shika hapa. Mvua ya miaka yote hiyo, haijabanduka hata kidogo." Na mgeni alishika, maana usiposhika hukupewa chai.

Kisha akaugua. Uvimbe tumboni. Madaktari walimpima, wakatazamana, wakamwambia arudi nyumbani akapumzike. Kemilembe si mtoto, alielewa. Alirudi, akakaa kitandani, na hofu ikamshika. Kufa hakukuogopa. Aliogopa kule kando ya barabara.

Alimwita shemeji yake, mkubwa wa ukoo, Ta Ishengoma. Kwao mwanamume mtu mzima huitwa Ta, na mwanamke mtu mzima huitwa Ma.

"Ta," alimwambia, "nimekubali. Mzikeni."

"Umechelewa, Ma Kemilembe, ila hujachelewa kabisa," alisema Ta Ishengoma, ambaye maneno matamu hakujaliwa. "Kesho nakata mgomba."

Aliyekataa mgomba ni Asimwe. Alikuwa amerudi kumuuguza mama yake, na kwenye mizigo yake alileta boksi lenye picha ya ndege juu. Ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, mia moja na kitu, vimeshikana kwenye fremu zake kama maua ya ndizi kwenye mkungu. Unakata kimoja kimoja, unasugua kwa msasa, unaunga kwa gundi, mpaka inatokea ndege ndefu kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Huko ng'ambo watu wazima huziunga kwa starehe, Jumapili, na hawamziki mtu.

"Ni aina ileile ya baba," alisema Asimwe. "Nilitaka kuiweka kabatini kwangu. Sasa naona ina kazi nyingine."

Ta Ishengoma alilishika boksi, akaliangalia, akaligeuza.

"Ndiyo nguo aliyokufa nayo," alisema baadaye. "Inafaa. Lakini masharti ni mawili na mnayajua. La kwanza, kitu kinachozikwa badala ya mtu lazima kipite mikononi mwa waliomwona mwisho, na mmoja wao ndiye atakayekilaza kaburini na kutia udongo wa kwanza. La pili, mkono uliomuua mtu hautii udongo kwenye kaburi lake. Ukitia, kaburi limeharibika. Ni kama hamkuzika."

"Hilo la pili halituhusu," alisema Kemilembe. "Waliomuua ni maadui."

"Mimi nasema sharti, shemeji. Sijasema linamhusu nani."

Basi wakatafutwa waliomwona Kyaruzi mwisho. Walikuwa watatu, wote wazee sasa, kila mmoja na mji wake, na wote walikuja. Walipofika, Ta Ishengoma aliwauliza sebuleni, mbele ya Kemilembe, kila mmoja ana haki gani na kaburi lile.

Wa kwanza aliitwa Shija. Wakati wa vita alikuwa fundi rangi pale uwanja wa ndege, na baada ya vita akawa mwandika mabango ya maduka. Mikono ilimtetemeka mpaka chai ikamwagika, ila akishika brashi ilitulia. Alisema: "Mimi ndiye niliyeigusa ndege yake mwisho. Haki ni yangu."

Wa pili aliitwa Mbwilo, luteni mstaafu, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, kalamu mfukoni. Alikuwa msimamizi wa uwanja, na hakuna ndege iliyoruka bila saini yake. Alisema: "Mimi ndiye niliyesema naye mwisho. Haki ni yangu."

Wa tatu aliitwa Koplo Wambura. Alikuwa mpiga mzinga kwenye kilima cha ufukweni, na ndiye aliyetoa ushahidi kwamba aliiona ndege ya Kyaruzi ikitunguliwa na adui. Huyu alikaa karibu na mlango. Hakugusa chai. Alisema, akiangalia sakafu: "Mimi ndiye niliyemwona mwisho." Haki hakuidai.

Siku ya kwanza waliunga. Meza iliwekwa karibu na kitanda cha Kemilembe ili aone. Asimwe alikata vipande kwa kikata kucha na kuvisugua. Mbwilo alivaa miwani, akashika karatasi ya maelekezo, akawa anaita namba: "Kipande cha kumi na nne! Kipande cha kumi na tano!" na kila kikiungwa aliweka alama ya vema kwa kalamu yake. Hata Kemilembe alicheka.

"Luteni, hapa si jeshini," alimtania.

"Ma Kemilembe, kazi bila kumbukumbu si kazi," alijibu Mbwilo, akaweka vema nyingine.

Wambura alipewa vipande vidogo, kwa sababu pamoja na uzee wake alikuwa na jicho kali na mkono usiotikisika. Ndiye aliyemkalisha rubani kwenye kiti chake. Rubani mwenyewe alikuwa mdogo kama punje ya mahindi. Wambura alimshika kwa koleo ya kutolea miiba, akakaa naye mkononi muda mrefu mno, mpaka Asimwe akamwambia, "Baba, gundi itakauka." Akamkalisha. Kisha akainuka akatoka nje, akarudi macho mekundu, na kila mtu akadhani ni harufu ya gundi.

Siku hiyohiyo, kabla pua ya ndege haijafungwa, Asimwe alisoma kwamba ndani ya pua lazima utiwe uzito, la sivyo ndege itakalia mkia.

"Nani ana kitu kizito kidogo? Msumari, kokoto, chochote."

Wambura aliingiza mkono mfukoni. Akatoa kipande cha shaba, kimelainika kwa kushikwashikwa.  Asimwe akakitia ndani ya pua, akamimina gundi, akafunga.

Siku ya pili walipaka rangi ya mwili mzima, kijani na kahawia. Siku ya tatu asubuhi ndugu walichimba kaburi shambani, katikati ya migomba, na Ta Ishengoma akaja kutoa onyo.

"Kaburi la mtu asiye na mwili likishachimbwa, jua halizami juu yake mara mbili likiwa wazi. Jua likizama leo, hiyo moja. Kesho likizama kabla hamjazika, tunalifukia tupu, na halichimbwi tena. Msiniletee porojo kesho."

Wala hapakuwa na sababu ya wasiwasi. Ilibaki kazi ya saa moja. Kwenye boksi mlikuwa na alama za kubandika, lakini za nchi nyingine. Za kwao ilibidi Shija azipake kwa mkono. Alipaka bendera mkiani, ndogo, safi kabisa. Asubuhi ya siku ya nne Asimwe aliigeuza ndege tumbo juu, akamwonyesha Shija picha ya zamani ya ndege za kikosi cha Kyaruzi zimepangwa uwanjani.

"Imebaki hii tu, fundi. Mkanda mweupe chini ya kila bawa."

Shija alichovya brashi. Akapaka mkanda chini ya bawa la kushoto, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Akachovya tena. Brashi ikafika juu ya bawa la kulia, ikasimama hapo. Ikadondosha tone mezani. Mikono ikaanza kutetemeka, na brashi imo mkononi, jambo ambalo halijapata kumtokea.

"Vipi, fundi?" aliuliza Asimwe.

"Hili halikuwa na mkanda," alisema Shija.

"Picha inaonyesha..."

"Picha ni ya ndege nyingine, mwanangu. Ya baba yako nilipaka bawa moja. Rangi ikaniishia. Nikipaka hili la pili nitakuwa namdanganya maiti."

Mbwilo alivua miwani. "Paka tu, bwana," alisema haraka. "Nani atajua? Inakwenda udongoni."

"Halikuwa na mkanda?"

Aliyeuliza ni Wambura. Alikuwa amesimama pale mlangoni, na sauti aliyotoa ilimfanya Kemilembe ajiinue kwenye mto.

"Halikuwa na mkanda kweli? La kulia?"

"Halikuwa nao," alisema Shija.

Wambura akateleza na ukuta mpaka akakaa chini. Akalia kwa sauti, mzee wa miaka sabini, analia kama aliyefiwa dakika hiyo. Walimwacha. Alipoweza kusema, alisema hivi:

"Asubuhi ile tulisomewa amri. Ndege yenye mkanda chini ya mabawa yote mawili ni yetu. Isiyo na mkanda, piga, usiulize. Ikaja moja kutoka ziwani, chini chini, inakata kona. Nikaliona bawa la kulia. Tupu. Nikapiga. Na mimi nilikuwa sikosi. Ilipokuwa inaanguka ikajigeuza, nikaliona bawa la pili. Lina mkanda, mweupe pee. Nikasema, Wambura, umeua wa kwenu. Nikajua macho yangu ndiyo yaliyokosa, mkanda ulikuwepo nisiuone. Wakubwa walipouliza nikasema ametunguliwa na adui. Miaka arobaini sijawahi kuyaamini macho yangu. Sijaendesha hata baiskeli. Ma Kemilembe, ni mimi. Na kile kipande nilichotoa kikatiwa puani ni cha ganda la ile risasi. Natembea nacho tangu siku ile."

 Asimwe aliinyakua ndege, akataka kuivunja pua kwa kucha, akalitoe lile ganda. Gundi ilikuwa imekwisha kukauka. Kucha ilimkatika, damu ikamtoka.

"Miaka arobaini!" alimpigia kelele Wambura. "Mama anafuta madirisha na kungoja, na wewe unajua! Umekaa humu siku nne, umekula ugali wake!"

"Iache, Asimwe," alisema Kemilembe. "Iweke mezani."

Kisha akamgeukia Mbwilo, ambaye alikuwa anakunja karatasi yake ya maelekezo, anaikunjua, anaikunja.

"Na wewe Luteni? Ndege ya bawa moja iliruka vipi?"

Mbwilo alijikaza. Alianza kwa lugha ya kiofisi, kwamba hali ilikuwa tete, kwamba vita ni vita. Akaishia katikati. "Amri ilikuwa yangu mimi kuisimamia," alisema. "Ndege bila mikanda miwili hairuki. Lakini kulikuwa na vijana wetu themanini wamezingirwa ng'ambo ya ziwa, kwenye redio wanalia wanaomba ndege, na ndege nzima ilikuwa hiyo moja. Nikamwambia Kyaruzi, huna mkanda wa pili. Akaniambia, Luteni, nikikaa hapa nangoja rangi, wale watakwisha. Nikasaini. Alifika, akawatoa. Themanini. Wengine wana wajukuu leo. Alikuwa anarudi ndipo..." Akamtazama Wambura. "Ningepiga simu moja kilimani, nikawaambia yupo wa bawa moja. Sikupiga. Nilisahau. Nilikuwa na mambo mengi, nikasahau."

Hapo palikuwa pabaya vya kutosha, na mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Kemilembe alikuwa mwanamke wa kufuata jambo hadi kwenye shina lake. Akamgeukia Shija.

"Rangi iliishaje, fundi?"

"Iliisha tu, Ma."

"Uwanja mzima wa ndege, rangi nyeupe iliisha tu?"

"Ilikuwa vita. Vitu vilikuwa haba."

"Fundi, mimi naumwa. Usinizungushe."

Shija aliiweka brashi mezani. Hakumtazama yeye. Alitazama juu ya kichwa chake, dirishani, na alipotazama, wengine nao wakatazama.

"Yalikuwa makopo mawili," alisema. "Mojamoja kwa kila bawa. Jana yake jioni Kyaruzi alinijia. Akaniambia, fundi, nipe kopo moja, kesho lori linaleta mengine. Nikamwambia ni ya ndege yako hiyo. Akacheka, akasema ndege haijali, ila mke wangu ana mimba na ameninunia. Alikuwa rafiki yangu. Nikampa. Lori halikuja."

Kemilembe hakugeuka kutazama dirisha. Hakuwa na haja. Aliikumbuka jioni ile yote. Wanawake wa jirani walikuwa wamemcheka kisimani, mke wa rubani anakaa nyumba ya madirisha ya mbao tupu, na yeye alirudi amevimba kwa hasira. Alimwambia Kyaruzi: "Ukirudi tena bila rangi, kalale hukohuko kambini kwenu." Akarudi na kopo chini ya koti. Akapaka huku anapiga mluzi, rangi imemrukia masikioni. Asubuhi alikwenda kazini na rangi kwenye kucha. Kemilembe alimcheka, akamwambia kanawe vizuri, akamwambia madirisha yamependeza.

 Chozi halikutoka, na Asimwe aliogopa zaidi kwa sababu halikutoka.

"Nimeyafuta kwa sabuni," alisema. "Kila Jumamosi."

Mvua ikaanza, ikashika hadi alasiri. Ta Ishengoma alikuja akiwa na jani la mgomba kichwani, jembe begani, akaingia na matope yake.

"Haya, jua linazama hata nyuma ya mawingu. Nani anazika?"

Wakamwambia yote. Mzee yule aliketi. Akavua kofia. Alikuwa ndugu wa Kyaruzi, tumbo moja, nyie msidhani hakuumia. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ile ya kugombeza: "Sasa mkono uliomuua ni upi?"

Hapo wakasema tena, mmoja baada ya mwingine, maneno yaleyale waliyoyasema siku ya kwanza, na sasa yalikuwa machungu.

Shija akasema: "Mimi ndiye niliyeigusa ndege yake mwisho. Rangi ilikuwa yangu kuilinda. Mkono ni wangu."

Mbwilo akasema: "Mimi ndiye niliyesema naye mwisho. Ningesema hapana, angekuwa hai. Ningepiga simu, angekuwa hai. Mkono ni wangu. Ila," akaongeza, "ningesema hapana, wale themanini wangekufa. Sijui, Ta. Kweli sijui."

Wambura akasema: "Mimi ndiye niliyemwona mwisho. Nyie mnajitwisha bure. Kidole kilichovuta ni hiki. Kisha nikadanganya, nikamwacha mama huyu anangoja maiti. Mkono ni wangu."

Kemilembe akasema kutoka kitandani: "Na mimi ndiye niliyemwomba mwisho. Sikumwomba, nilimfukuza kwake mwenyewe kwa ajili ya rangi. Mkono ni wangu, Ta."

"Mama!" alilia Asimwe. "Ungejuaje? Wewe ulitaka rangi ya madirisha tu! Na baba mwenyewe je? Yeye ndiye aliyechukua kopo. Yeye alijua bawa lake ni tupu, akapanda. Kwa nini hamumtaji yeye?"

"Maiti hatii udongo kwenye kaburi lake," alisema Ta Ishengoma. "Hata akiwa na kosa, halitusaidii leo."

"Basi nitatia mimi. Mimi sina kosa. Sikuwa nimezaliwa."

"Ndiyo tatizo lako, mwanangu. Hukuwa umezaliwa. Hukumwona, si mwisho wala mwanzo. Sharti la kwanza linakukataa. Hata mimi linanikataa. Nilimwona mwisho siku ya harusi yake."

Hivyo ndivyo walivyokwama. Waliomwona, kila mmoja ana tone la damu mkononi. Asiye na damu, hakumwona.

Walishuka shambani hata hivyo, kwa sababu kukaa ndani kusingesimamisha jua. Asimwe na Wambura walimbeba Kemilembe kwenye kiti, mmoja huku na mmoja huku, na Asimwe hakumtazama Wambura, lakini hakumzuia kubeba. Mvua ilikuwa imekatika. Chini ya kaburi palituama maji ya kahawia, kina cha kidole. Waliiweka ndege ukingoni, juu ya jani la mgomba. Ilisimama vizuri kwa magurudumu yake matatu, pua imeinama, kwa sababu ya uzito uliomo ndani. Ukichungulia chini ya tumbo lake unaona bawa moja lina mkanda na moja halina. Ndani ya kioo yule rubani mdogo amekaa, anatazama mbele.

Ta Ishengoma alilaza jembe kando ya kaburi, akarudi nyuma hatua tatu.

"Mimi ni wa kusema sharti," alisema. "Kuchagua, hapana. Chagueni."

Shija alisogea, akasimama. Mbwilo alitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Wambura aliweka mikono nyuma, kama mtu aliyefungwa. Asimwe alikuwa na damu kwenye kidole, ya ile kucha. Kemilembe ndiye aliyeinuka kwenye kiti. Hakuna aliyejua nguvu aliipata wapi. Akajikongoja hadi penye jembe, akalishika mpini, akalitumia kujiegemeza tu. Akamtazama kila mmoja wao. Hakumtukana mtu.

"Mume wangu ana baridi," alisema. "Mmoja wenu aseme ni nani."

Jua lilikuwa limeteremka hadi kwenye majani ya migomba, jekundu, na kuteremka huko ndiko kwa mara ya pili. Likizama, kaburi linafukiwa tupu. Likizama, mwanamke yule anakwenda kando ya barabara, na siku zake za kuishi, kwa ninavyojua mimi, hazikuzidi kumi. Na akizika asiyestahili, ni hivyohivyo, anakwenda kando ya barabara.

Mimi nimefika hapo, na siendelei. Msiniangalie hivyo. Mmekaa mnasikiliza, mmetikisa vichwa, mmesema maskini Kyaruzi, maskini Kemilembe. Sasa nanyi fanyeni kazi. Yupo fundi aliyegawa rangi kwa urafiki. Yupo luteni aliyesaini, akaokoa themanini, akasahau simu moja. Yupo koplo aliyetii amri, kisha akaficha. Yupo mke aliyetaka madirisha yapendeze. Na yupo binti aliyeiunga ndege yote kwa mikono misafi, wala hakumjua baba. Semeni, na semeni upesi, maana mama wa watu amesimama pale anachoka na jua halimngoji mtu: kati ya hao watano, nani alichukue lile jembe mkononi mwake?